Barua ya wazi: Ule mlima wa kwenye picha yenu hauko Mombasa

Kwa Mkurugenzi wa makumbusho yetu, kwa wajumbe wa bodi, na kwa maafisa wa wizara mnaoshughulikia mambo ya kale.

Waheshimiwa,

Mimi ni fundi wa fremu. Kibanda changu kiko nyuma ya soko la samaki, na wengi wenu nimewatilia kioo picha za harusi, vyeti vya watoto na aya za Qurani za sebuleni. Barua mbili za mwanzo nilizileta ofisini kwa mkono. Ya kwanza ilipigwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili niliambiwa niiache kwa mlinzi, na mlinzi mwenyewe akanishauri, kwa huruma, nisipoteze nauli tena. Hii ya tatu naiandika wazi, aisome atakaye, maana jambo lenyewe limetundikwa ukutani mwa umma na watoto wa shule wanapangwa foleni kulitazama.

Naizungumzia ile picha ya manowari za matanga iliyo chumba cha pili, kushoto ukishapita mlango wa nakshi. Chini yake pana kadi iliyochapwa kwa kompyuta: "Wareno na Waarabu wa Omani wakipigana baharini, Mombasa, karne ya 17." Katika kadi hiyo neno la kweli ni moja tu, nalo ni "baharini".

Nilivyojua ni hivi. Masika ya mwaka juzi ukuta ulikula maji, msumari ukachomoka, picha ikaanguka na kioo kikavunjika. Nikaitwa nitie kioo kipya. Nilipoigeuza nikakuta plaiwudi nyuma, imegongewa misumari ya viatu, na kati ya plaiwudi na karatasi hakuna kitu. Plaiwudi ina tindikali. Ikikaa na karatasi miaka na miaka huipitishia rangi ya chai, na kweli mgongo wote wa picha ulikuwa na mistari ya kahawia inayofuata nyuzi za mbao. Juu, pembe mbili zilishikwa kwa selotepu ambayo gundi yake ilishakauka na kuwa kama ganda la korosho. Nilikaa na kisu chembamba tangu Adhuhuri hadi Alasiri kuibandua bila kuichana.

Ilipokuwa huru mezani nikapitisha kidole pembezoni. Kuna mfereji mdogo unaozunguka picha yote pande nne. Huo ni mkanyago wa bamba: karatasi huloweshwa kidogo, ikawekwa juu ya bamba la shaba lililochongwa na kutiwa wino, kisha vyote vikapitishwa kwenye mashine yenye mbano mkubwa, na ukingo wa bamba ukaacha alama isiyofutika. Kwa hiyo mliyo nayo siyo fotokopi wala siyo bango la kalenda. Ni mchapo wa asili, wa bamba lililochongwa kwa mkono, na rangi ya bluu ya bahari na nyekundu ya moto zimepakwa baadaye kwa brashi. Mahali pamoja mpakaji amevuka mstari, akalitia tanga rangi ya maji. Kosa hilo nililipenda. Nilihisi kama namwona mtu aliyechoka jioni, amebakiza karatasi kumi.

Chini ya mfereji huo ndipo nilipokuta maandishi. Aliyeiwekea fremu mara ya mwisho alikata dirisha la kadibodi, ule ukingo unaoizunguka picha chini ya kioo, fupi mno upande wa chini, likayafunika maneno yote. Ni ya Kifaransa, na Kifaransa changu ni cha kubahatisha, lakini mambo mawili hayahitaji mkalimani: "Grand Port", na mwaka 1810.

Grand Port ni ghuba ya kusini-mashariki mwa kisiwa cha Morisi. Wakati huo kisiwa kilikuwa cha Wafaransa, nao walikiita Île de France. Vita vyenyewe vilikuwa vya Wafaransa na Waingereza, mwezi Agosti 1810. Hakuna Mreno humo, wala Mwomani.

Nikiri kuwa hata kabla ya kusoma maandishi nilikuwa na shaka, na aliyenitia shaka ni mwanafunzi. Siku ile nimekuja kupima fremu, darasa la tano walikuwa chumbani. Binti mmoja mdogo, buibui lake limemzidi urefu, akamwuliza kijana anayewatembeza wageni: "Kaka, huu mlima ni upi Mombasa?" Kwa kweli nyuma ya moshi wa mizinga pana milima, yenye vilele. Kijana akafikiri kidogo, akajibu: "Ulikuwepo. Ulichimbwa kokoto." Watoto wakaandika kwenye madaftari. Simlaumu kijana; alipewa kadi, akaitetea kadi. Lakini nawaombeni mfikirie: kuna madaftari arobaini mjini hapa yanayosema Mombasa ilikuwa na mlima, ukaliwa na wenye mashine za kokoto.

Na bendera? Moja ya zile manowari inapeperusha rangi tatu zilizosimama wima: bluu, nyeupe na nyekundu. Wafaransa waliifanya hiyo kuwa bendera ya meli zao mwaka 1794. Waomani waliwatoa Wareno katika Ngome ya Yesu, Mombasa, Desemba 1698, baada ya kuizingira tangu Machi 1696. Mtu hawezi kupigana chini ya bendera itakayobuniwa karne moja baadaye.

Marehemu baba alikuwa nahodha wa jahazi, na mimi kabla ya kushika randa na kioo nimekula chumvi misimu minne. Kwa hiyo niruhusuni nikae kidogo kwenye vita hivyo, kwa sababu kwa mwana wa bahari picha hiyo inasomeka kama barua.

Agosti ni kusi, upepo wa kusini-mashariki. Ghuba ya Grand Port imetazama huko huko kusi inakotoka. Maana yake, kuingia ni rahisi: upepo unakusukuma mgongoni. Kutoka ndiyo kazi. Na mlangoni pana matumbawe, na njia ya maji mengi inapinda katikati yake kama njia ya mtaa wa zamani. Mbele ya mlango kuna kisiwa kidogo chenye ngome, Île de la Passe. Waingereza walikiteka kisiwa hicho usiku, katikati ya Agosti, wakaiacha manowari moja, Nereide, ya nahodha Nesbit Willoughby, ikilinde.

Tarehe 20 zikatokea meli za Kifaransa chini ya Guy-Victor Duperré: frigeti mbili (manowari za matanga zenye mwendo), Bellone na Minerve, meli ndogo ya vita iitwayo Victor, na meli mbili za kampuni ya Kiingereza ya India, Ceylon na Windham, ambazo Wafaransa walikuwa wameziteka mwezi Julai karibu na visiwa vya Komoro. (Ndiyo, Komoro, njia ile ile ya majahazi yetu. Bahari hii ni moja.) Willoughby akapandisha bendera ya Kifaransa juu ya ngome na juu ya meli yake, akawaita waingie. Wakaingia. Walipogundua hila walikuwa wamekwisha kushikwa na kusi, na kurudi nyuma hakuwezekani, wakapita mbele ya mizinga na kujitosa ndani ya ghuba. Windham peke yake ilibaki nje ikakimbia, ikakamatwa tena na Waingereza kesho yake.

Basi mtego ukamgeukia mtegaji. Duperré alipanga meli zake safu moja karibu na ufuko, nanga chini, mbavu za mizinga zimeelekea baharini, akangoja. Jioni ya tarehe 23 Waingereza wakaja na frigeti nne: Nereide, Sirius, Magicienne na Iphigenia. Mkuu wao, Samuel Pym, alikuwa ndani ya Sirius. Sirius ikapanda mwamba. Magicienne nayo ikapanda mwamba, ikakaa vibaya hata mizinga michache tu ndiyo iliyoweza kulenga. Iphigenia ilifika ikatia nanga, ikapigana na Minerve. Upande wa pili, risasi zilikata amari, yaani kamba za nanga, za Minerve na Ceylon, zikaseleleka hadi zikakwama nyuma ya Bellone; Bellone nayo ikagusa chini, lakini ubavu wake ukabaki wazi, na watu na baruti vikawa vinapelekwa kwake bila kukatika. Usiku ule vita vilikuwa vya meli zilizokwama, na meli iliyokwama haina nahodha, ina wapiga mizinga tu.

Nereide ndiyo ile iliyo katikati ya picha yenu, yenye mlingoti uliolala. Amari ya tezi, yaani ya nyuma, ilikatwa na risasi, meli ikageuka na kumwelekezea Bellone mgongo wake. Anayejua meli anajua tezi ni mahali pa madirisha na vyumba vya wakubwa, siyo pa mbao nene. Tufe la mzinga likiingia hapo hupita hadi omo, mbele kabisa, bila kizuizi. Ndani yake mlikuwa na watu 281. Zaidi ya 200 waliuawa au kujeruhiwa. Willoughby alipoteza jicho. Duperré naye alipigwa usoni na marisawa, vile vyuma vidogo vinavyorushwa na mzinga, na Pierre Bouvet wa Minerve akashika amri. Alfajiri mizinga ya Kifaransa ikaendelea kuipiga Nereide, meli iliyokwisha kunyamaza, kwa sababu bendera yake ilikuwa bado juu: waliipigilia misumari kwenye mlingoti. Ikabidi mlingoti wenyewe ukatwe.

Magicienne na Sirius zilichomwa moto na wenyewe wasiziache kwa adui. Iphigenia ilijaribu kutoka, na hapo ndipo kusi ikadai chake: haikuweza kufungua tanga, ikawa inajivuta kwa nanga, hatua kwa hatua, siku kadhaa, hadi kwenye kile kisiwa cha mlangoni. Ikafika, ikakuta meli nyingine za Kifaransa zimeziba nje. Ikasalimu amri mwisho wa mwezi. Frigeti nne, zote zimekwenda. Majeruhi wakubwa wawili, Willoughby na Duperré, walilazwa na kutibiwa katika nyumba moja pale Mahébourg, na nyumba hiyo leo ni makumbusho. Wafaransa walifurahi kiasi cha kulichonga jina la Grand Port kwenye lile tao kubwa la ushindi jijini Paris, na ndiyo maana michapo ya aina hii ilichapwa: Napoleon baharini hakuwa na furaha nyingi za kuchapa. Furaha yenyewe haikudumu. Mwisho wa Novemba 1810 Waingereza walirudi na jeshi, na mwanzoni mwa Desemba wakakichukua kisiwa chote. Hilo halimo kwenye picha, na mchapishaji hakuwa na sababu ya kulitia.

Ofisa mmoja, sitamtaja, aliniambia koridoni: "Fundi, mgeni anataka meli na moshi, basi. Mombasa inauza, Morisi itauzia nani?" Nimekaa na maneno hayo muda mrefu kuliko alivyodhani. Jibu langu ni kwamba hadithi ya kweli ya picha hii inatuhusu kuliko ile mliyoitungia.

Kile kisiwa walichokigombania kilikuwa na mashamba, na mashamba yalilimwa na watumwa. Mwaka 1776 Mfaransa kutoka kisiwa hicho, Morice, alifanya mkataba na sultani wa Kilwa apatiwe watu 1,000 kila mwaka, kwa bei ya piastre 20, sarafu ya wakati ule, kichwa kimoja. Mkataba huo upo, umesomwa na wanahistoria, wala siyo ngano. Wengine walitolewa Msumbiji, wengine Bukini (Madagaska). Kufika mwaka wa vita hivi watumwa walikuwa zaidi ya robo tatu ya wakazi wa kisiwa. Ile milima ya nyuma ya moshi, aliyoiuliza binti yule, ilikuwa na watu wa kwetu wakiitazama mizinga usiku kucha, na hakuna aliyewaambia wanagombaniwa na wao.

Kisha Waingereza walipokishika kisiwa, gavana wao Robert Farquhar alilazimika kuizuia biashara ya watumwa iliyokuwa ikiendelea kwa magendo, na ili aizuie alihitaji kuongea na mwenye pwani yetu. Ndipo ulipotoka mkataba wa 1822 kati ya nahodha Fairfax Moresby na Sayyid Said, uliokataza kuwauzia watumwa mataifa ya Kikristo na kuchora mstari baharini kutoka Rasi Delgado hadi Diu ya Bara Hindi. Wafanyabiashara waliofungiwa mlango ule wakatafuta jingine la kufanya na watu waliokuwa mikononi mwao, na wengi waliishia kwenye mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba. Na mikarafuu yenyewe ilitoka wapi? Ilitoka visiwa hivyo hivyo vya Wafaransa, mwanzoni mwa karne ya 19. Chumba cha tatu, hatua kumi kutoka kwenye picha hiyo, mna pishi la karafuu ndani ya kabati la kioo na maelezo marefu. Vitu viwili vya ukoo mmoja mmevitenga kwa ukuta, na kimoja mkakipa jina la uongo.

Kama Mombasa mnaitaka kweli, na mimi naitaka, haina haja ya kuazima meli za watu. Mwaka 1697, wakati wa kuzingirwa kule kwa Ngome ya Yesu, frigeti ya Kireno Santo António de Taná ilizama mbele ya ngome, na kuanzia 1977 wazamiaji waliifanyia kazi chini ya maji wakatoa vyombo vyake. Tafuteni picha za kazi hiyo mzitundike. Hizo hazitahitaji mlima.

Ninachoomba si kikubwa. Kwanza, ile kadi iondolewe hata kabla ya kadi mpya kupatikana. Ukuta mtupu haumdanganyi mtu. Pili, picha itolewe pale ilipo. Dirisha la magharibi linaipiga jua kuanzia saa tisa, na rangi zilizopakwa kwa mkono huwa za kwanza kuondoka. Bluu imeshakuwa kijivu upande wa kulia, linganisheni na ukingo uliokuwa umefichwa na kadibodi mtaona. Ukuta wa ndani, karibu na hizo karafuu, hauna jua na hauvuji. Tatu, zile nakala zinazouzwa mlangoni zenye maandishi ya Mombasa zisimamishwe. Najua zinaleta fedha. Chapeni nyingine zenye jina sahihi. Meli ni zile zile na moshi ni ule ule.

Maneno ya kadi mpya nimejaribu kuyaandika, myasahihishe mnavyotaka:

"Vita vya Grand Port, kisiwa cha Morisi, Agosti 1810. Manowari za Wafaransa zinawashinda Waingereza waliokwama kwenye matumbawe. Mchapo wa Kifaransa, umepakwa rangi kwa mkono. Wakazi wengi wa kisiwa hiki walikuwa watumwa, wengi wao kutoka Msumbiji, Kilwa na Bukini. Miezi mitatu baadaye kisiwa kilitekwa na Waingereza. Tazama pia: karafuu, kabati la pili."

Kijana anayetembeza wageni nimekwisha kumweleza habari yote, tena kwa kahawa. Aliuliza maswali mazuri kuliko yangu, na akataka kujua shule ya binti yule.

Malipo siyahitaji zaidi ya gharama ya kioo. Ile plaiwudi niliitupa siku ile ile, nikaweka kadibodi ya pamba isiyo na tindikali niliyokuwa nimeagiza kwa kazi nyingine. Dirisha jipya nimeshalikata, refu kwa sentimita nne upande wa chini ili yale maneno ya Kifaransa yaonekane. Liko juu ya kabati langu, limefungwa kwa gazeti. Nitajieni siku tu, isiwe Ijumaa.

Wenu mtiifu,
Fundi wa fremu, nyuma ya soko la samaki